Pumzi ya Mita 30: Mjadala wa Regulata ya Kwanza

Vijana wa Nungwi, Kizimkazi, Mafia na Diani wanaosomea kuongoza wageni chini ya bahari huanza na vifaa vya kituo: jaketi la kituo, mtungi wa kituo, na regulata ambayo jana ilikuwa kinywani mwa mtu mwingine. Siku kijana anapopata uwezo wa kununua kitu chake mwenyewe, mara nyingi hufikiria regulata kwanza, na ana haki. Hicho ndicho kifaa kinachosimama baina ya mapafu yake na hewa iliyoshindiliwa hadi bar 200. Lakini akifika dukani huchanganywa. Anaambiwa ipo ya bei nafuu kwa wanaoanza, na ipo ya ghali kwa wanaokwenda kina kirefu, kana kwamba bahari inauzwa kwa mita.

Hilo ndilo ninaloliweka barazani: je, regulata ya daraja la chini humnyima mtu hewa akishuka? Wasemaji nimewatunga mimi, na nimewaita kwa kazi zao. Viwango, hesabu na vifaa wanavyovitaja ni vya kweli. Hesabu yoyote humu msomaji anaweza kuirudia kwa kalamu.

MWANAGENZI: Asalaam aleikum, wakubwa zangu. Nimeweka akiba tangu kusi. Pesa niliyo nayo inatosha regulata mpya ya daraja la chini, pamoja na oktopasi ya kumpa hewa mwenzangu na geji. Nikivumilia msimu mwingine nitafikia ile ya juu. Muuzaji ameniambia hii ya chini ni ya mita 18, nikienda nayo 30 itanikaba. Nataka kujua kama ni kweli, maana mwakani nitashuka na watu wanaonitegemea.

FUNDI: Waaleikum salaam, mwanangu. Si kweli. Mita 18 ni kikomo cha cheti cha anayeanza, na mita 30 ni cha aliyesonga mbele katika mafunzo. Vikomo hivyo amewekewa mtu. Kifaa kina mtihani wake. Ulaya regulata hupimwa kwa kiwango kinachoitwa EN 250, na mtihani wenyewe ni mkali. Wanaifunga kwenye mashine ya kupumua ndani ya tangi la presha, wanaipeleka kwenye presha ya mita 50, na wanaipa hewa ya bar 50 tu, kama mtungi unaoelekea kwisha. Kisha mashine inavuta pumzi 25 kwa dakika, kila pumzi lita 2.5. Jumla lita 62.5. Mpiga mbizi aliyetulia hutumia 15 au 20. Ukiikuta alama ya EN 250 imechorwa kwenye regulata, basi hata iwe ya bei ya chini kabisa imepita hapo.

MWALIMU: Imepita, sikatai. Lakini kupita ni kutovuka kikomo tu. Kiwango kinasema kazi ya kuvuta na kutoa pumzi isizidi jouli 3 kwa kila lita ya hewa. Zipo regulata zinazokaa mbali sana chini ya kikomo hicho, na zipo zinazokikaribia. Kwenye boksi zote zimeandikwa EN 250. Wewe Fundi unajua tofauti iko wapi, mweleze bila kumficha.

FUNDI: Simfichi kitu. Hatua ya kwanza ni ile inayokaa juu ya mtungi. Inaichukua hewa ya bar 200 na kuishusha hadi presha ya kati, ambayo kwa kawaida ni bar 9 au 10 juu ya presha ya maji yaliyokuzunguka. Hatua ya pili ni ile ya kinywani. Inaishusha tena hadi presha ya kina ulichopo, na hufunguka pale unapovuta. Sasa, regulata nyingi za daraja la chini zina pistoni isiyosawazishwa ndani ya hatua ya kwanza. Hewa ya mtungi inaisukuma pistoni moja kwa moja. Mtungi ukiwa umejaa, msukumo ni mkubwa. Ukipungua, msukumo unapungua na presha ya kati inashuka taratibu. Na kama hatua ya pili nayo haikusawazishwa, vali yake inategemea ile presha ya kati ili ifunguke kwa wepesi. Kwa hiyo mwisho wa mtungi utahisi pumzi imekuwa nzito. Hilo nalikubali.

Lakini angalia kinacholeta uzito huo. Ni mtungi kupungua. Kina hakihusiki hapo. Maji ya bahari yanaingia kwenye matundu ya hatua ya kwanza na kuisukuma pistoni pamoja na springi yake, kwa hiyo presha ya kati inapanda kila unaposhuka, iwe mita 5 au 35. Aliyekuambia kifaa hiki ni cha mita 18 hajakifungua akaona ndani.

MWALIMU: Na vikikutana? Kina kirefu na mtungi unaokwisha, vyote kwa wakati mmoja? Mita 30 kila pumzi inabeba hewa mara nne ya ile ya juu ya maji. Vali ile ile, mpira ule ule, hewa mara nne. Ongeza mtungi wenye bar 60. Hapo ndipo iliyosawazishwa inapolipa deni lake, kwa sababu imetengenezwa hewa ya mtungi isielemee upande mmoja wa vali. Bar 200 au bar 60, pumzi haibadiliki. Wazee walisema rahisi ghali.

FUNDI: Walisema, na mimi naona ghali isiyopata vipuri ni ghali zaidi. Tutafika huko.

Niingilie kidogo kabla hawajafika. Umbo hili la vifaa halina umri mkubwa. Mwaka 1943, Ufaransa ikiwa chini ya Wajerumani, Émile Gagnan, mhandisi wa kampuni ya Air Liquide, alikuwa ameunda vali ya kuyalisha magari gesi badala ya petroli iliyokuwa adimu. Jacques Cousteau, afisa wa jeshi la majini, alikuwa anatafuta kifaa cha kumpa mtu hewa pale tu anapoivuta. Vali ya Gagnan ikageuzwa kazi. Regulata yao ilikaa yote nyuma ya shingo, na mipira miwili minene ikaja mdomoni. Ni Ted Eldred wa Melbourne aliyezitenganisha hatua mbili, moja juu ya mtungi na nyingine kinywani, zikiunganishwa na mpira mmoja mwembamba. Akaiuza kuanzia 1952 kwa jina la Porpoise. Kila regulata anayoitaja Fundi au Mwalimu, ya chini na ya juu, ni ya ukoo huo. Nimelitaja hili kwa sababu msomaji akijua kwamba kazi ya hatua ya kwanza ni kushusha presha na ya pili ni kuitika pumzi, maneno mengi ya dukani yanapoteza nguvu.

DAKTARI: Nawasikiliza nyote mnasema habari za vali. Niruhusuni niseme habari za mapafu, kwa sababu pumzi nzito ya mita 30 haitoki kwenye regulata peke yake. Presha ikipanda, hewa yenyewe inakuwa nzito. Lita moja ya hewa ufukweni ina gramu 1.3 hivi. Mita 30, ambako presha ni bar 4, lita hiyo hiyo ina gramu 5 na ushei. Mita 40 inapita gramu 6. Hewa nzito inapita kwa shida kwenye vali za Fundi, na inapita kwa shida vile vile kwenye mirija ya mapafu, ambayo hakuna duka linalouza iliyosawazishwa. Mwambie mtu mzima mwenye afya avute na kutoa pumzi kwa nguvu zake zote: mita 30 atapitisha kama nusu tu ya hewa anayoweza kuipitisha akiwa juu.

Mwaka 2016 Gavin Anthony na Simon Mitchell waliandika juu ya jambo hili, wakapendekeza uzito wa gramu 5.2 kwa lita uwe kikomo cha kupangia mbizi, na gramu 6.2 uwe mwisho usiovukwa. Kwa hewa ya kawaida hiyo ni kama mita 31 na mita 39. Hawakuuliza regulata ni ya bei gani.

MWANAGENZI: Daktari, mtu akivuka hapo anapatwa na nini? Anakosa hewa?

DAKTARI: Hewa anayo. Anachoshindwa ni kuitoa kaboni dayoksaidi kwa kasi inayotakiwa. Akitulia anaweza asijue. Mwache apambane na mkondo, amfukuze mgeni aliyepotea, apige mapezi kwa nguvu: mwili unatengeneza kaboni dayoksaidi nyingi, mapafu hayawezi kuongeza kasi, na gesi inajikusanya kwenye damu. Anaanza kuhema. Kichwa kinauma, woga unapanda, na ule ulevi wa kina unazidi, kwa sababu kaboni dayoksaidi na naitrojeni zinasaidiana kumlewesha. Kitu anachohisi ni kwamba regulata haimpi hewa. Wapo wanaoitema ilhali inafanya kazi sawasawa. Akipanda juu akiwa hai atalalamika kwamba kifaa kibovu, na mafundi watakipima wakikute kizima.

MWALIMU: Basi Daktari umenisaidia. Kama mapafu yameshabanwa na kina, kwa nini niongeze mzigo mwingine kwa regulata inayovutika kwa shida? Wepesi wa regulata ndio sehemu pekee ninayoweza kuinunua.

DAKTARI: Ni kweli, na sikupingi hapo. Mzigo wa kifaa na mzigo wa mapafu vinajumlishwa. Regulata nzito inaharakisha hicho nilichokieleza. Ninachokataa ni mtu kudhani akinunua nyepesi amepewa ruhusa ya mita 45 kwa hewa ya kawaida. Kifaa chepesi kitampeleka hadi pale mapafu yake yatakapokataa, na hatapata onyo.

NAHODHA: Mimi niseme la juu ya maji. Hapa Mnemba mwanagenzi wetu atashinda mita 12 hadi 20. Matumbawe yako huko, samaki wako huko, mwanga uko huko. Kinachomchosha mtu ni mkondo, hasa siku za bamvua maji yakikimbia. Kiongozi akiwatupa wageni wakati mbaya, hata mita 15 watahema. Mjadala wenu unauchukua mkondo kama jambo dogo.

MWALIMU: Siuchukui hivyo, Nahodha. Ila siku moja mgeni mwenye vyeti vyote atamwambia anataka kuiona Pegasus, ile manowari ya Waingereza iliyozamishwa na Königsberg ya Wajerumani mbele ya mji wa Zanzibar, Septemba 1914. Iko zaidi ya mita 30. Wala hatosikia akiambiwa meli iliyozama ya Great Northern, mita 12, inatosha.

MWANAGENZI: Mwalimu, hapo ndipo pananinyima usingizi. Mgeni akiishiwa hewa mita 30 na kushika oktopasi yangu, tunavuta watu wawili kwenye hatua ya kwanza moja. Regulata ya chini itatubeba?

FUNDI: Swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa hapa. Tafuta herufi A. Kiwango kilipofanyiwa marekebisho mwaka 2014, ziliwekwa alama za EN 250A kwa regulata zilizojaribiwa watu wawili wakivuta kwa pamoja, na matumizi hayo yakawekewa mwisho wa mita 30. Isiyo na A haikukusudiwa kulisha watu wawili. Zipo za daraja la chini zenye A. Hiyo ndiyo herufi ya kuilipia.

MWALIMU: Na hata ikiwa nayo, mimi nataka nafasi ya ziada. Watu wawili wenye hofu, kila mmoja anavuta lita 40 kwa dakika, presha ni bar 4. Hizo ni lita 320 kwa dakika kupitia tundu moja dogo. Mtungi wa kiongozi umebaki bar 50 au 60. Kwa pistoni isiyosawazishwa hiyo ndiyo dakika mbaya kupita zote, na kiongozi hununua kifaa kwa ajili ya dakika hiyo.

MWANAGENZI: Ngojeni, nipige hesabu. Mitungi yetu ya aluminiamu ni ya lita 11. Bar 60 mara 11 ni lita 660. Tukitumia 320 kwa dakika, tuna dakika mbili na sekunde chache. Kupanda kwa mita 9 kwa dakika kutoka 30 kunachukua dakika tatu na ushei. Presha inapungua tunavyopanda, kwa hiyo nichukue wastani wa bar 2.5: lita 80 za watu wawili, mara 2.5, mara dakika 3.3. Inatoka lita 660. Yaani mtungi unakwisha tunapotokeza juu, na hapo sijahesabu hata dakika moja ya kumtuliza mgeni kule chini.

FUNDI: Ongeza hiyo dakika.

MWANAGENZI: Lita 320 zaidi. Jumla 980. Gawanya kwa 11, ni kama bar 90. Na tukisimama mita 5 kwa dakika tatu, lita 360 nyingine. Jumla 1,340. Zaidi ya bar 120! Mwalimu, nikiwa mita 30 na bar 60, regulata ya bei yoyote haitutoi. Hewa yenyewe haipo.

FUNDI: Sasa irudie hesabu ya mtihani wa EN 250. Lita 62.5 mara bar 6 za mita 50 ni lita 375 kwa dakika. Mtungi wako wa lita 11 wenye bar 50 una lita 550. Hauwezi kuilisha mashine ile kwa dakika moja na nusu. Regulata ya bei ya chini imeshapimwa kwa mvuto ambao mtungi wako hauwezi kuuendeleza.

Hapa nasema wazi ninakosimama. Hesabu ya Mwanagenzi ndiyo jibu la swali lililoletwa barazani. Regulata ya daraja la chini, ikiwa na alama yake na imetunzwa, inaweza kutoa hewa zaidi ya ile iliyomo mtungini na zaidi ya ile mapafu yanayoweza kuipitisha. Kikomo cha kina kinaanzia kwenye mwili, kinafuata kwenye mtungi, na vali inakuja nyuma ya hivyo viwili. Kijana anayelipa bei maradufu akiamini amenunua mita 40 ameuziwa kitu ambacho hakimo kwenye boksi, na bahari haitamrudishia pesa. Uchungu wangu uko hapo: vijana wanaokopa ili wanunue chuma cha kung'aa, kisha wanawashusha wageni bila kuuliza mtungi wa kila mmoja una bar ngapi.

Hata hivyo Mwalimu hajashindwa, na itakuwa dhuluma kumnyamazisha.

MWALIMU: Hesabu nimeikubali, na kesho nitaifundisha darasani. Mita 30 geuza mapema, zaidi ya bar 120 zikiwa bado mtungini. Lakini baada ya hapo bado ninadai hivi. Daktari amesema mzigo wa kifaa unajumlishwa na mzigo wa mapafu. Mgeni mwenye hofu akiweka oktopasi kinywani, pumzi tatu za kwanza ndizo zinazoamua kama atatulia au atakimbilia juu. Nimeona watu wananunua regulata nzuri kisha wanaifunga oktopasi ya bei ya chini kuliko zote, imelegezwa isivuje, inavutika kwa taabu. Wanasema ni ya akiba. Akiba ya nani? Wewe kiongozi hutaitia kinywani mwaka mzima. Ni ya mtu anayezama.

FUNDI: Hapo tuko pamoja. Mimi nikifunga seti ya kiongozi, oktopasi huwa ya aina ile ile na hatua yake ya pili, nami huipima kwa uangalifu ule ule. Ni tofauti ndogo ya bei, naye ataifidia kwa kutonunua vifuko na marembo mengine.

MWANAGENZI: Na ile habari ya onyo? Nimesikia isiyosawazishwa inasaidia, kwamba pumzi ikiwa nzito unajua mtungi unakwisha.

MWALIMU: Usiisikilize. Onyo ni geji. Ukingoja pumzi ikuambie, umeshachelewa.

FUNDI: Kweli. Enzi mitungi haina geji watu walilazimika. Sasa hakuna sababu.

MWANAGENZI: Basi nibaki na daraja la chini, lakini lipi? Pistoni au kiwambo?

FUNDI: Sasa tumefika kwenye vipuri. Pistoni isiyosawazishwa, kama Mk2 ya Scubapro au AC2 ya Cressi, kinachotembea ndani yake ni pistoni na springi yake, basi. Ni chache oringi zake, ni rahisi kuifungua, na inavumilia kutendwa vibaya. Ubaya wake ni kwamba maji ya bahari yanaingia kwenye chumba cha springi. Chumvi inaganda humo, na mchanga mwembamba wa ufukweni unapenya. Ya kiwambo inavifungia nje, kwa hiyo ndani inabaki safi, lakini ina vipande vingi zaidi na inataka mkono unaojua. Ulaya watu hulipia kiwambo kilichozibwa ili kifaa kisigande kwa baridi. Sisi maji yetu ni digrii 25 hadi 30, barafu haituhusu. Ukikilipia hapa, kilipie kwa sababu ya mchanga.

Lakini kabla ya pistoni au kiwambo, uliza hivi: kifaa hiki kikivuja, nani atakifungua, na kiti cha vali kinatoka wapi? Watengenezaji wengi wanataka huduma kila mwaka mmoja au miwili, au kila mbizi 100. Mgeni wa Ulaya anazama mara 20 kwa mwaka. Kiongozi wa hapa anaweza kuzifikisha 100 kabla msimu haujaisha. Ukinunua chapa ambayo pakiti yake ya vipuri inaagizwa ng'ambo, inakaa forodhani, halafu fundi aliyeidhinishwa yuko mji mwingine wa kupandia ndege, regulata yako iliyosawazishwa itakaa ndani ya mfuko huku wewe ukiazima ya kituo. Na zile ahadi za vipuri bure kwa maisha yote, zisome mpaka mwisho: nyingi zinafutika ukikosa huduma ya wakala kwa wakati.

MWALIMU: Hilo linanirudisha nyuma mimi pia. Iliyosawazishwa ambayo haijafunguliwa kwa miaka mitatu siiamini kuliko Mk2 iliyotoka kwa fundi juzi.

FUNDI: Nimewahi kufungua zilizo ghali, ndani kijani tupu.

DAKTARI: Na zinapoharibika hufanyaje? Hewa inakatika?

FUNDI: Mara nyingi inakuwa kinyume. Kiti cha hatua ya kwanza kikichakaa, hewa inapenya, presha ya kati inapanda, na hatua ya pili inafunguka yenyewe na kumwaga hewa mfululizo. Imeundwa hivyo makusudi: afadhali imwage kuliko ifunge. Lakini mita 30 mmwago huo unaumaliza mtungi kwa dakika chache, kwa hiyo ni ubovu ule ule wa hesabu ya Mwanagenzi, ila umekuja kwa mlango mwingine.

MWANAGENZI: Na kuitunza? Kwetu maji ya kisima yana chumvichumvi.

FUNDI: Yasitumike hayo. Kinga maji ya mvua au nunua dumu la maji matamu. Kifuniko cha hatua ya kwanza kikauke kwanza, ukifunge vizuri, kisha uloweke yote, si kumwagia tu. Usibonyeze kitufe cha mbele cha hatua ya pili ikiwa ndani ya maji bila presha, maana vali itafunguka na maji yatapanda kwenye mpira hadi hatua ya kwanza. Ianike kivulini. Na mtu anayeibeba kwa kuning'iniza mipira ikijipinda shingoni, mwambie aache.

Kuhusu kufunga kwenye mtungi, iwe DIN ya kusokotwa ndani ya vali au ile ya kubana kwa skrubu kubwa, sitaki kurefusha. DIN inakaa imara zaidi, lakini kijana anunue inayoingia kwenye mitungi ya kituo chake, kisha abebe adapta.

NAHODHA: Sasa anunue ipi? Jua linakwenda.

MWALIMU: Kama fundi wake wa karibu ana vipuri vya iliyosawazishwa na anaijua, na yeye anaweza kungoja msimu mmoja, angoje. Atakuwa kiongozi, atashika watu. Kama hana, anunue ya chini yenye A, aweke oktopasi ya maana, na asiguse Pegasus mpaka akomae.

FUNDI: Mimi nasema asingoje. Msimu mzima wa kuazima regulata za watu ni msimu mzima wa kuvuta kifaa ambacho hajui kilifunguliwa lini. Anunue sasa, ailete kwangu mbizi 100 zikitimia, na tofauti ya bei iwe mfuko wa huduma.

Mimi nipo na Fundi katika hili, kwa kijana wa kisiwani anayeongoza mita 20. Angekuwa anaongoza Pemba, kwenye kuta za matumbawe zinazotumbukia kuelekea mlango wa bahari wenye kina cha mamia ya mita, ambako mgeni akilegea kidogo tu huvuka mita 30 bila kujua, ningesita na pengine ningehamia kwa Mwalimu.

MWANAGENZI: Niulize la mwisho. Kuna mgeni anaondoka wiki ijayo, anauza iliyosawazishwa kwa bei ya hii mpya ya chini. Anasema imezamishwa mara chache.

FUNDI: Usimpe pesa kwanza. Mwombe uilete hapa. Nitafunga geji ya presha ya kati, tufungue mtungi. Sindano ikisimama bar 9 au 10 na kubaki hapo dakika tano, ni dalili njema. Ikiendelea kupanda polepole, kiti kimeliwa, na gharama ya kukibadilisha ikatwe kwenye bei yake. Kisha tutafunga hewa na kuvuta kwenye kila kinywa. Kikitoa hata hewa kidogo baada ya presha kuisha, kuna mpira au kiwambo kimetoboka. Tutaangalia kichujio cha pale hewa inapoingilia: kikiwa na kijani, maji ya chumvi yameshaingia, kikiwa na wekundu wa kutu, umetoka kwenye mtungi wa chuma uliooza ndani. Mipira ikunje karibu na vichwa vyake, utazame nyufa. Soma alama, uitafute A. Halafu niandikie chapa na namba ya modeli, nami kabla ya Ijumaa nitakuambia kama vipuri vyake bado vinatengenezwa.